Mionzi ya Saratani Utotoni na Ukuaji wa Mifupa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa wazazi, walezi na walimu wa watoto waliotibiwa saratani kwa mionzi, wengi wao wakiwa wa Kisumu, Siaya, Homa Bay, Vihiga, Kakamega, Kericho na Nakuru. Majibu hayachukui nafasi ya daktari anayemjua mtoto wako, bali yamekusudiwa kukufikisha kwake ukiwa unajua la kuuliza. Ukiwa na muda wa kusoma jibu moja tu, soma lile linalohusu kupima urefu nyumbani, kwa sababu madhara ya mionzi kwenye mifupa huja polepole, na aghalabu huonekana wakati mtoto amekwisha kupona na hakuna tena anayemwita kliniki.

## Mambo ya msingi

Mionzi hufanya nini hasa kwenye mfupa wa mtoto?

Mfupa mrefu wa mtoto hukua kwenye ncha zake. Karibu na kila ncha kuna tabaka jembamba la gegedu (tishu laini kuliko mfupa), liitwalo sahani ya ukuaji, ambamo seli hugawanyika, hujipanga safu kwa safu, hutanuka, kisha nafasi yake huchukuliwa na mfupa mpya. Urefu wa paja, muundi na mkono hutoka humo, na pingili za uti wa mgongo zina sehemu za namna hiyo juu na chini. Mionzi huua seli za saratani kwa kuharibu vinasaba vyake, lakini seli za gegedu zilizo katika njia ya mionzi hudhurika pia, pamoja na mishipa midogo ya damu inayolisha sahani hiyo.

Mfupa ambao umekwisha kujengwa haufupiki. Kinachopotea ni sehemu ya urefu ambao ungekuja baadaye, na ndiyo maana mtoto hutoka hospitalini akiwa sawasawa kabisa, kisha tofauti ikaanza kuonekana miaka kadhaa mbele. Jambo hili limejulikana kwa muda mrefu: mwaka 1903, miaka minane tu baada ya Röntgen kugundua eksirei, daktari Mjerumani Georg Perthes alionyesha kwamba bawa la kifaranga lililopigwa eksirei hubaki fupi kuliko lile lisilopigwa.

Je, kila mtoto aliyepigwa mionzi atakuwa mfupi au atapinda mgongo?

Hapana. Mambo matatu huamua: kiasi cha mionzi, umri wa mtoto siku alipopewa, na sehemu ya mwili iliyolengwa. Kiasi hupimwa kwa grei. Kwa kawaida, chini ya grei 10 athari kwenye ukuaji wa mfupa huwa ndogo; kati ya 10 na 20 ukuaji hupungua kwa kiasi ambacho hutofautiana sana kati ya mtoto na mtoto; na zaidi ya 20, hasa kwa mtoto mdogo, upungufu huwa dhahiri. Mipaka hii si kuta, kwa hiyo usiisome kama hukumu ya mwanao.

Umri una uzito kwa sababu unahusu urefu uliobaki. Mtoto wa miaka 3 bado ana sehemu kubwa ya kimo chake mbele yake, ilhali msichana wa miaka 15 ambaye sahani zake zinakaribia kufunga hana mengi ya kupoteza. Na mfupa ambao haukuwa ndani ya eneo lililopigwa hauathiriwi na mionzi moja kwa moja, isipokuwa pale ambapo tezi za kichwani zimeguswa, jambo ambalo limeelezwa katika swali la mionzi ya ubongo na uti wa mgongo.

Kwa nini basi madaktari walikubali kumpa mionzi?

Kwa sababu saratani yenyewe ingemuua. Swali hili huulizwa kwa uchungu, mara nyingi na mama ambaye alitia sahihi fomu ya ridhaa na sasa anahisi kwamba yeye ndiye aliyempinda mwanawe mgongo. Hukufanya kosa. Mionzi hutolewa pale ambapo upasuaji na kemo (dawa za kuua saratani) peke yake vingeacha hatari kubwa ya saratani kurudi, na madaktari wamekuwa wakipunguza vipimo vya mionzi na kubana maeneo yanayopigwa kila ilipothibitika kwamba inawezekana bila kupoteza maisha. Mtoto mwenye mguu mfupi kwa sentimita mbili yuko hai, na sentimita hizo mbili zina tiba.

Je, mionzi imebaki mwilini mwake, na inaweza kuwadhuru ndugu zake?

Mionzi inayotoka kwenye mashine ya nje haibaki mwilini. Mtoto anaweza kulala kitanda kimoja na ndugu zake jioni hiyo hiyo.

Eksirei na CT (picha za kompyuta) nyingi alizopigwa nazo zimeharibu mifupa?

La. Kiasi cha mionzi cha CT moja kwa kawaida ni sehemu ya mia moja ya grei au karibu na hapo, na eksirei ya kifua ni ndogo zaidi kwa mbali, ilhali athari kwenye ukuaji huanza kuonekana karibu na grei 10. Usikatae eksirei ya nyonga au ya mgongo ambayo daktari ameiomba kwa ajili ya ufuatiliaji.

Mwanangu alikuwa na uvimbe wa taya ulioitwa Burkitt. Je, haya yanamhusu?

Yamkini hayamhusu. Saratani ya Burkitt, ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda na ambayo inapatikana sana kandokando ya Ziwa Victoria, hutibiwa kwa kemo, na mtoto wa aina hiyo kwa kawaida hapewi mionzi. Meno yaliyolegea au taya lililobadilika umbo huwa ni kazi ya uvimbe wenyewe. Hata hivyo, wazazi wengi huita matibabu yote ya saratani «kuchomwa», kwa hiyo hakikisha: kemo huingia kwa mshipa, kwa vidonge au kwa sindano ya mgongoni, na mionzi hutolewa mtoto akiwa amelala chini ya mashine kubwa, bila sindano ya dawa, siku nyingi mfululizo.

## Kulingana na mahali palipopigwa mionzi

Alitibiwa saratani ya figo na akapigwa mionzi ubavuni. Tutarajie nini?

Uvimbe wa Wilms ni saratani ya figo ya watoto wadogo, na wale ambao saratani yao ilikuwa imebaki tumboni baada ya upasuaji hupewa mionzi ya ubavu. Kipimo kinachotumika sana ni grei 10.8 kwa vikao sita. Zamani vipimo vilikuwa vikubwa zaidi, tena mashine za wakati huo zilikuwa na nishati ndogo ambayo mfupa huinyonya zaidi kuliko misuli, na ndiyo sababu picha za zamani zinaonyesha migongo iliyopinda vibaya.

Kuna jambo moja la ufundi ambalo wazazi hulishangaa. Hata kama figo iliyougua ilikuwa ya kushoto, mtaalamu wa mionzi huliongeza eneo kimakusudi mpaka livuke upana wote wa pingili za mgongo. Nusu ya pingili ikipigwa na nusu ikiachwa, upande mmoja utakua na mwingine utalala, na uti utapinda kama mti unaoelemea mwanga. Pingili ikipigwa nzima, hukua kidogo kwa pande zote, kwa hiyo mtoto hupoteza urefu kiasi lakini hubaki wima. Pamoja na hayo, misuli ya ubavu uliopigwa inaweza kubaki nyembamba na mbavu za chini au mfupa wa nyonga kuwa mdogo upande huo, na kupinda kwa wastani kunaweza kujitokeza wakati wa balehe.

Alipigwa mionzi ya ubongo na uti wote wa mgongo. Kwa nini kiwiliwili ni kifupi na miguu mirefu?

Uvimbe wa nyuma ya ubongo uitwao meduloblastoma hutibiwa kwa kupiga mionzi ubongo wote na uti wote, mara nyingi grei 23.4 kwa walio na hatari ya wastani na grei 36 kwa walio na hatari kubwa, kisha mahali pa uvimbe panaongezewa mpaka kufikia takribani grei 54. Pingili zote za mgongo zimo ndani ya eneo hilo, lakini mapaja na miundi haimo. Kwa hiyo kiwiliwili hubaki nyuma ilhali miguu inaendelea, na mtoto akiketi darasani huonekana mdogo kuliko wenzake, akisimama tofauti hupungua.

Hapa kuna chanzo cha pili ambacho hakitokani na mfupa wenyewe. Katikati ya ubongo kuna haipothalamasi na tezi ya pituitari, ambazo huagiza kutolewa kwa homoni ya ukuaji. Zikipata takribani grei 18 au zaidi, homoni hiyo ndiyo ya kwanza kupungua, pengine miaka michache baada ya matibabu. Mionzi inayopita mgongoni huweza pia kugusa tezi ya thairoidi shingoni, na thairoidi dhaifu hupunguza ukuaji. Zaidi ya hayo, mionzi ya kichwa huweza kuharakisha balehe: msichana kuota matiti kabla ya miaka 8, au mvulana kuanza mabadiliko kabla ya miaka 9. Balehe ya mapema hupotosha sana. Mtoto huonekana anakua vizuri, jamaa hufurahi, kumbe mwendo huo ni wa balehe, sahani zinafunga mapema, na homoni ya ukuaji haipo. Ndiyo maana mtoto wa aina hii anastahili kuonwa na daktari wa homoni hata kama kila mtu nyumbani anasema amerefuka.

Alipigwa mionzi mguuni au mkononi. Tofauti itakuwa kubwa kiasi gani?

Inategemea sahani ipi ilikuwa ndani ya eneo. Takribani theluthi mbili za ukuaji wa mguu hutoka kandokando ya goti: sahani ya chini ya paja huongeza karibu sentimita moja kwa mwaka, na ile ya juu ya muundi karibu milimita sita. Mvulana wa miaka 10 mwenye miaka sita ya kukua, akipoteza sahani zote mbili kabisa, anaweza kufikia tofauti ya sentimita tisa hivi. Kwa kawaida sahani haipotei yote, na pale ambapo katikati tu ya mfupa ndipo palipopigwa, ncha zikaachwa, tofauti huwa ndogo. Mkononi, sahani iliyo karibu na bega ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya urefu wa mfupa wa juu, lakini mkono mfupi hauharibu mwendo wala mgongo, kwa hiyo watu wengi huishi nao vyema bila upasuaji.

Saratani za misuli na za mifupa hupewa vipimo vikubwa, mara nyingi kati ya grei 40 na 56. Kipimo cha aina hiyo hudhoofisha mfupa wenyewe pia: ukivunjika, huchelewa kuunga. Tazama maswali ya michezo na ya dalili za hatari.

Na mionzi ya uso, jicho au taya?

Mifupa ya uso ikipigwa mtoto akiwa mdogo, upande huo hubaki mwembamba: tundu la jicho dogo, paji lililobonyea, taya fupi. Meno ambayo yalikuwa bado yanajengwa yanaweza kuwa madogo, kukosa enameli imara au kuwa na mizizi mifupi. Kwa saratani ya jicho ya retinoblastoma, mionzi ya nje imeachwa kwa sehemu kubwa, kwa sababu hiyo na kwa sababu watoto wenye aina ya kurithi huwa katika hatari kubwa ya saratani nyingine, ikiwemo ya mfupa, ndani ya eneo lililopigwa.

Mzazi wa mtoto aliyeondolewa jicho ajue pia kwamba tundu lisilo na kitu ndani yake hukua polepole hata bila mionzi. Jicho bandia husaidia mifupa kuendelea, na linapaswa kubadilishwa kadiri mtoto anavyokua.

Kabla jino halijang'olewa kwenye taya lililopigwa mionzi, mwambie daktari wa meno. Taya lililopata kipimo kikubwa linaweza kukataa kupona baada ya kung'oa, na mfupa ukafa. Ni heri kuziba jino mapema kuliko kusubiri ling'olewe.

Na mionzi ya kifua au shingo?

Mitulinga inaweza kuwa mifupi, mabega membamba na kifua kidogo. Mara nyingi ni suala la umbo kuliko la afya, lakini kifua kilichobana sana hupunguza nafasi ya mapafu na kinahitaji kuangaliwa.

## Kumfuatilia mtoto

Nitapimaje urefu wake nyumbani, na mara ngapi?

Chati iliyo kwenye kijitabu cha afya ya mama na mtoto inaishia miaka mitano. Baada ya hapo watoto wengi wa Kenya hawapimwi urefu tena na mtu yeyote, na kwa mtoto aliyepigwa mionzi hiyo ndiyo miaka yenye maana zaidi. Tunawaomba wazazi wachukue kazi hii mikononi mwao, kwa kuwa haihitaji mashine wala nauli.

Pima mara mbili kwa mwaka, kwa mfano likizo ya Aprili na ya mwisho wa mwaka, asubuhi, kwa sababu jioni mtu huwa mfupi kidogo. Mtoto avue viatu, asimame visigino na mgongo vikigusa ukuta ulionyooka, atazame mbele. Weka kitabu kigumu kichwani kikigusa ukuta, tia alama, upime kwa utepe kutoka sakafuni. Kisha mketishe kwenye stuli ngumu iliyo karibu na ukuta, mgongo ukiwa umenyooka, upime kutoka kwenye stuli hadi juu ya kichwa. Tumia stuli ile ile kila mara. Andika tarehe, urefu wa kusimama na urefu wa kuketi.

Kipimo cha kuketi ndicho kinachoonyesha uti wa mgongo, na kliniki nyingi hazikichukui. Kipimo cha kusimama kikiongezeka na cha kuketi kikiganda, uti ndio uliokwama. Kati ya miaka mitano na mwanzo wa balehe mtoto hurefuka takribani sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Akirefuka chini ya sentimita 4 kwa mwaka mzima, peleka daftari lako kliniki bila kungoja miadi. Endelea hivyo mpaka aache kurefuka kabisa, ambako kwa wasichana wengi ni karibu na miaka 15 na kwa wavulana karibu na 17.

Ukimaliza kupima, mwambie ainame mbele, magoti yakiwa yamenyooka na mikono ikining'inia, nawe simama nyuma yake. Upande mmoja wa mgongo ukiinuka kuliko mwingine, uti unajipinda.

Ni karatasi gani ninapaswa kuwa nayo?

Muhtasari wa matibabu ya mionzi: jina la saratani, tarehe ya kuanza na kumaliza, sehemu iliyopigwa, jumla ya grei, na idadi ya vikao. Bila karatasi hiyo daktari wa mifupa miaka kumi baadaye atakuwa anabahatisha.

Eneo letu lina ugumu wake. Kwa miaka mingi mionzi katika hospitali za umma ilitolewa Kenyatta, Nairobi, peke yake, na siku hizi inatolewa pia Eldoret na Nakuru. Mtoto wa Kisumu anaweza kuwa alifanyiwa upasuaji Russia, yaani Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, akapewa kemo Eldoret, na mionzi akapewa Nairobi, kwa hiyo hakuna faili moja lenye habari zote. Iombe karatasi siku ya kikao cha mwisho, ipige picha kwa simu, mtumie shangazi au mjomba nakala, kwa sababu simu hupotea. Kama siku hiyo imekwisha kupita, tazama swali la faili lililopotea.

Ni dalili gani zisizongoja miadi?

Ya kwanza ni kuchechemea. Nyonga iliyopigwa mionzi inaweza kuruhusu kichwa cha mfupa wa paja kuteleza kutoka mahali pake, hasa wakati wa balehe. Hatari yake ni kwamba maumivu husikika kwenye paja au gotini, na nyonga yenyewe isiume. Mtoto hupelekwa kliniki, goti hupigwa eksirei, goti huonekana zima, anarudishwa nyumbani na dawa ya maumivu. Sema wazi: «Mtoto huyu alipigwa mionzi ya nyonga, naomba eksirei ya nyonga.» Asiukanyagie mguu huo mpaka picha ionekane, kwa sababu ikigunduliwa mapema hufungwa kwa skrubu na mtoto akatembea vizuri.

Ya pili ni maumivu ya mfupa yanayomwamsha usiku, au uvimbe mgumu unaokua ndani ya eneo lililopigwa. Ni nadra, lakini mionzi inaweza kuleta saratani mpya ya mfupa, mara nyingi karibu miaka kumi au zaidi baadaye. Tunasikitika sana tunapompokea kijana ambaye miezi mingi imepita akitibiwa homa ya matumbo au akiambiwa ni maumivu ya kukua.

Ya tatu ni ganzi au udhaifu wa miguu, au kushindwa kuzuia mkojo, kwa mtoto aliyepigwa mionzi ya mgongo. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Anaweza kucheza mpira, kuchota maji na kulima kama wenzake?

Wengi wanaweza, na wanapaswa. Kukimbia, kuruka kamba na kutembea kwenda shule huimarisha mifupa, ilhali kumfungia mtoto ndani huidhoofisha. Wanaohitaji tahadhari ni waliopata kipimo kikubwa kwenye mfupa wa mguu, takribani grei 50 au zaidi, ambao wanapaswa kuonwa na daktari wa mifupa kabla ya kucheza mpira wa ushindani au raga. Mwenye figo moja alinde ubavu wenye figo iliyobaki. Mwenye mgongo uliopigwa mionzi asibebeshwe mtungi wa lita 20 kichwani wala begani, agawiwe wa lita tano. Mwandikie mwalimu mkuu barua fupi yenye makatazo mahususi, kwa maana barua inayosema tu kwamba mtoto «ni mgonjwa» humfanya aketi pembeni kila kipindi cha michezo.

Chakula kinaweza kurudisha urefu uliopotea?

Hakiwezi, na anayekuuzia unga au matone ya kurefusha anakuibia. Lakini chakula hulinda uimara wa mfupa, na watoto hawa wana sababu za ziada za kuwa na mifupa myepesi: dawa kama prednisoloni, deksamethasoni na methotreksati huupunguzia mfupa madini. Omena inayoliwa na mifupa yake, maziwa, maziwa mala, sukuma wiki, mayai na maharagwe yatosha kwa familia nyingi. Jua la kawaida la kucheza nje humpa vitamini D. Vidonge vya kalsiamu vipewe kwa ushauri wa daktari.

Mama mkwe anataka akandwe au achanjwe chale ili mgongo unyooke. Kuna ubaya?

Kupakwa mafuta kwa mkono mwororo hakuna ubaya. Kukandwa kwa nguvu kunaweza kuvunja mfupa dhaifu, na chale kwenye ngozi iliyopigwa mionzi hupona kwa shida na huingiza vidudu. Mweleze kwa heshima kwamba mfupa haujateguka, kwa hiyo hakuna kitu cha kurudishwa mahali pake. Mpeleke pamoja nawe kwa mtaalamu wa fiziotherapia, kwani bibi akionyeshwa mazoezi sahihi huwa msimamizi mzuri kuliko mtu yeyote nyumbani.

## Tiba

Mguu mmoja ni mfupi. Kuna dawa?

Hakuna dawa ya kumeza, lakini kuna njia. Tofauti ya chini ya sentimita mbili mara nyingi huachwa au kusawazishwa kwa kuweka soli ndani ya kiatu. Kati ya sentimita mbili na tano, njia nzuri kwa mtoto anayekua ni kusimamisha sahani ya ukuaji ya mguu mrefu, ili ule mfupi uufikie. Ni upasuaji mdogo, lakini una wakati wake. Kijana akiletwa amekwisha kuacha kukua, mlango huo umefungwa. Hii ni sababu nyingine ya daftari la vipimo. Zaidi ya sentimita tano, mguu mfupi unaweza kurefushwa kwa fremu ya chuma, kazi ya miezi mingi ambayo ni ngumu zaidi kwenye mfupa uliopigwa mionzi.

Mgongo umepinda. Atahitaji upasuaji?

Wachache tu huuhitaji. Mpindo mdogo hufuatiliwa kwa eksirei na mazoezi, wa wastani huweza kuvalishwa koti gumu, na unaozidi takribani nyuzi 45 au 50 huzungumzwa na mpasuaji wa uti.

Homoni ya ukuaji itamsaidia?

Itamsaidia aliyethibitishwa kwa vipimo kwamba ameikosa, na hutolewa angalau mwaka mmoja baada ya matibabu ya saratani kwisha, bila dalili ya saratani kurudi. Ni sindano ya kila siku au karibu kila siku kwa miaka mingi, na gharama yake ni kubwa. Itarefusha miguu zaidi kuliko uti uliopigwa mionzi, kwa hiyo umbo lililoelezwa hapo juu halitaondoka.

Tufanye harambee aende India kupata mionzi ya protoni ili asipinde?

Fikirini kwanza. Protoni ni chembe ndogo ambazo husimama mahali zilipolengwa, kwa hiyo huokoa moyo, mapafu na utumbo vilivyo mbele ya uti. Lakini uti wenyewe ukiwa ndio unaotibiwa, pingili za mtoto anayekua hupigwa kwa makusudi hata kwa protoni, kwa sababu ile ile iliyotajwa katika swali la figo. Faida ipo kwa uvimbe fulani, hasa wa kichwani, ila kuchelewesha matibabu miezi mitatu ili kukusanya fedha kunaweza kugharimu maisha. Muulize daktari wa mionzi swali hili moja: je, kwa uvimbe huu, mfupa upi utaokolewa?

## Hali zisizo za kawaida

Mwanangu ana selimundu pia, na nyonga inamuuma.

Selimundu ni nyingi katika eneo letu, nayo huweza kuua kichwa cha mfupa wa paja kwa kuziba damu, kama vile dawa za steroidi (mfano prednisoloni) zinavyoweza. Kwa hiyo maumivu ya nyonga yanaweza kuwa na vyanzo vitatu kwa mtoto mmoja. Yasihesabiwe kuwa ni kipindi cha kawaida cha maumivu ya selimundu kabla ya kupigwa picha. Selimundu huchelewesha balehe pia, kwa hiyo chati yake isomwe na daktari anayejua magonjwa yote mawili.

Anatumia ARV. Zinadhuru mifupa?

Mojawapo, tenofovia ya aina ya zamani, hupunguza kidogo madini ya mfupa. Usiziache. Mjulishe daktari wa kliniki ya ARV kwamba alipigwa mionzi, ili aamue kama kuna dawa mbadala.

Kuna kinundu kigumu karibu na goti, lakini hakiumi.

Kinaweza kuwa kichipukizi cha mfupa na gegedu kisicho saratani, ambacho hutokea kwa baadhi ya watoto waliopigwa mionzi wakiwa wadogo. Kipigwe eksirei. Kikianza kuuma au kukua baada ya mtoto kuacha kurefuka, kiangaliwe upya.

Faili limepotea na sijui alipigwa grei ngapi.

Nenda kwenye idara ya mionzi yenyewe, usiishie kwenye rekodi za wodi, kwa sababu idara hizo huweka kumbukumbu zake kando. Beba jina kamili kama lilivyoandikwa wakati huo, mwaka, na namba yoyote iliyosalia kwenye risiti. Ikishindikana, mwonyeshe daktari ngozi: nukta ndogo za wino wa kudumu au kiraka kilichobadilika rangi huonyesha mipaka ya eneo, na eksirei ya pingili au mbavu hudokeza mengine.

Binti yangu alipigwa mionzi ya tumbo la chini. Atajifungua salama?

Mfupa wa nyonga unaweza kuwa mdogo au usio sawa, na mionzi huweza kuathiri mji wa mimba na mayai, hivyo kuongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Akishika mimba, aanze kliniki mapema na ajifungulie hospitali yenye uwezo wa upasuaji, si zahanati wala nyumbani.

Amefikisha miaka 18 na kliniki ya watoto haimpokei tena.

Omba barua ya uhamisho kwenda kwa daktari wa watu wazima, iambatane na muhtasari wa mionzi na daftari la urefu. Hakikisha amesajiliwa SHA (bima ya afya ya serikali) kwa jina lake mwenyewe, kwani tangu Oktoba 2024 ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, na usajili chini ya mzazi haudumu. Mfundishe kijana kuusema ugonjwa wake kwa kinywa chake: saratani gani, mwaka gani, mionzi mahali gani, grei ngapi. Siku atakapovunjika mguu akiwa Mombasa au akiwa kazini ng'ambo, daktari atakayempokea atakuwa na yeye peke yake wa kumuuliza.